Mgeni wa Chini ya Cherehani

Buyenzi, Bujumbura
2 Agosti 1995

Mdogo wangu Astère,

Salamu nyingi sana. Musafiri, yule mfanyabiashara wa mashua, ameniambia umefika Kigoma salama na una mahali pa kulala. Nikasema alhamdulillah. Halafu papo hapo nikasema: basi na aje achukue nyoka wake.

Ulisema wiki mbili, Astère. Ulisimama mlangoni kwangu na lile sanduku la sabuni lenye wavu juu, jasho linakutoka, ukasema, «Dada, wiki mbili tu. Maabara ya chuo imefungwa na wamesema nyoka wote wauawe. Huyu hana sumu, anakula panya tu.» Nami nikalainika, kwa sababu wewe ni mteja wangu wa miaka sita, nimewashonea nyoka wako mifuko ya kuwabebea na hujawahi kuniletea maneno mabaya. Mkeo Spès alikataa hata kuingia. Alibaki barabarani anacheka na kuziba macho. Leo ni wiki ya nane, na huyo mgeni wako bado yuko chini ya meza yangu ya cherehani. Mgeni ndilo jina nililompa, maana kila siku namwambia mgeni hukumbuka kwao.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya wiki. Nakuandikia kwa sababu anakufa. Macho yake yameingia weupe, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Ngozi imepoteza ule mng'ao, imekuwa rangi ya jivu. Panya niliyemtegea amemkataa. Siku ya Alhamisi ngozi ilipasuka puani, nikadhani ni kidonda. Ikachanika mpaka shingoni, ikasimama hapo hapo. Sasa inaning'inia vipande vipande na yeye hasogei.

Nikafanya jambo ambalo mama yeyote angefanya kwa mtoto aliyekauka ngozi. Nikapasha mawese kidogo nikampaka kichwa hadi mkia. Sasa amekuwa mwekundu, na vumbi lote la sakafu limemganda.

Massoudi wa duka la jirani alichungulia akasema, «Mama Lubna, hii nyoka iko nakufa. Mi nikukatie kichwa tu, upumuzike.»

Nikamjibu, «Apana. Hii si ya kwangu, ni amana ya mutu. Mi nitamuambia nini huyu mutu?»

Kwa hiyo niambie wewe. Nimfanye nini? Sitaki urudi ukute sanduku tupu. Nisalimie sana Spès.

Dada yako,
Waridi (Mama Lubna)


Kigoma
21 Agosti 1995

Dada Waridi,

Nilipofika kwenye neno mawese nilishika kichwa, halafu nikacheka peke yangu mpaka watu wakanitazama. Sikuwa nimecheka tangu nitoke Bujumbura.

Hafi. Anavua ngozi. Kosa ni langu, niliondoka haraka bila kukueleza. Nyoka hukua lakini ngozi yake ya juu haikui, basi kila baada ya miezi michache huiacha nzima. Yale maziwa machoni ni majimaji yanayoingia kati ya ngozi ya zamani na mpya, maana nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na ngozi hiyo hiyo, ila pale ni angavu. Siku hizo haoni vizuri, anaogopa, hali kitu. Usimlazimishe. Tatizo ni kiangazi: hewa imekauka, ngozi imegandamana naye. Na mawese, nisamehe dada, yamezidi kuigandisha.

Mtoe mafuta kwanza. Maji ya uvuguvugu, yapime kwa kiwiko kama ya kumwogesha mtoto mchanga, yasizidi nusu ya unene wake. Usitie sabuni. Mwache akae humo muda wa kupika chai, umfute na kitambaa laini, ubadilishe maji, urudie. Kisha mweke ndani ya kitambaa kilicholowa, mahali pa giza, na uweke tofali moja ndani ya sanduku apate pa kujikwaruzia. Kitu kimoja tu nakuomba kwa magoti: usivute kwa kucha. Ukivuta kabla ya wakati utamchuna ngozi mpya, hasa machoni.

Ikitoka yote, chukua ile ya kichwani, inyanyue dirishani. Utaona vioo viwili vidogo vya mviringo, kama kioo cha saa ya mkononi. Kama kimoja hakipo, basi kimebaki jichoni. Kikibaki safari hii na safari ijayo, vinapandana, na mwisho anakuwa kipofu. Nikunjie hicho kichwa cha ngozi ndani ya barua, nikiangalie mwenyewe.

Dada, najua ni kiumbe kisicho na thamani kwa watu. Lakini nyumba yetu ya mtaani Kamenge imechomwa kwenye vita hivi, Musafiri amenithibitishia. Kazi haipo. Katika mji wote ule kilichobaki changu ni hicho kilicho chini ya meza yako. Kikiwa hai, nina sababu ya kurudi.

Spès anakusalimu.

Astère


Buyenzi
16 Septemba 1995

Mdogo wangu,

Kaa chini usome vizuri, maana nimefanya kitu ambacho hata wale maprofesa wako hawakukifikiria.

Maji nilimpa, mafuta yakatoka siku ya tatu. Lakini kile kitambaa chako kilicholowa alikuwa anakitoroka, analala juu ya tofali anakauka tena. Nikakaa namtazama. Nikawaza: huyu si mtu wa kufunikwa, ni mtu wa kupita. Nikachukua taulo la zamani la marehemu Amissi, mume wangu, nikalikata nikalishona mkono, mkono kabisa kama wa shati, mpana begani na mwembamba kwenye kifundo, ila mrefu mara mbili. Nikaulowesha, nikaukamua, nikamwelekeza kichwa pale begani.

Aliingia, Astère. Akatulia humo nikadhani amelala. Kisha nikaona taulo linatembea polepole, na baadaye pua ikatokeza kifundoni, nyeusi, inang'aa, na ulimi nje. Alitoka mzima, rangi ya kahawa iliyokaangwa vizuri. Ngozi yote ya mwilini ikabaki ndani ya mkono. Miaka thelathini nashona mikono ya mashati na sikujua kwamba ina kazi hiyo. Nilipiga vigelegele, mimi peke yangu na cherehani, mpaka Massoudi akaja mbio kuuliza nani amezaa.

Kichwa cha ngozi kimo humu, nimekiweka kati ya karatasi mbili. Nimekiangalia dirishani. Upande wa kulia naona kioo. Kushoto naona tundu. Nimeogopa. Niambie kama nimemharibu.

Na mfuko huu aliobeba Musafiri ni wa Spès. Nilikuwa na kitenge cha njano cha maua, nimemshonea gauni. Sikumpima, nimekisia kwa jicho kutoka siku ile alipokuwa barabarani. Kama kiuno kinabana aniambie, niliacha upindo wa kutosha ndani.

Waridi


Kigoma
14 Januari 1996

Dada Waridi,

Hukumharibu. Hiyo njia ya mkono wa taulo nimewaeleza watu wawili hapa, wote wameniona kichaa, lakini mimi niliyewahudumia nyoka miaka kumi na moja nakwambia ni kazi ya fundi. Kwa kuwa ngozi yote ilibaki ndani ya mkono, ncha ya mkia nayo imetoka, na hapo ndipo wengi hukosea, pete ya ngozi inabaki inakaza mpaka mkia unakufa.

Jicho la kushoto ni kweli, kioo kimebaki. Usilishike. Subiri safari ijayo. Macho yakianza kuwa maziwa, usingoje ngozi ipasuke, lowesha mkono wako mapema, umpitishe asubuhi na jioni siku mbili mfululizo. Mara nyingi vyote viwili hutoka pamoja.

Mimi nabeba magunia bandarini. Mchana nakuwa na watu, sina shida. Shida ni Jumapili, bandari ikiwa kimya. Jumapili natoa kile kichwa cha ngozi nakiangalia kwenye mwanga.

Gauni limemkaa vizuri. Kiuno hakibani. Spès anashukuru sana.

Astère


Buyenzi
9 Julai 1998

Mdogo wangu Astère,

Miaka miwili na nusu! Hivyo vikwazo ilivyowekewa nchi yetu vimemfunga Musafiri na mashua yake. Sijui barua zangu mbili ulizipata au zimeliwa na samaki. Sasa amepata njia, na ananiambia wewe umehamishiwa kambini, Kasulu. Basi nakutumia vichwa vitano vya ngozi kwa pamoja, nimeandika mwezi kwa penseli nyuma ya kila karatasi. Lile jicho la kushoto lilisafika safari iliyofuata, kama ulivyosema. Viangalie vyote kisha unipe alama, kama mwalimu.

Safari ya mwisho ilinitoa jasho. Maji yalikatika mtaani wiki tatu, na hapo hapo macho ya Mgeni yakawa maziwa. Nikawa na ndoo moja kwa siku, na hiyo ndoo nimeipigania. Ya kunywa, ya kupikia, ya udhu. Kulowesha mkono wa taulo kunahitaji birika zima, asubuhi na jioni. Nikaenda kwa maalimu Uthmani.

Nikamuuliza, «Maalimu, mutu akiwa na kiumbe nyumbani na maji ni kidogo, anaweza kutayamamu kwa vumbi, ile maji ampe kiumbe?»

«Kiumbe gani? Mbuzi?»

«Si mbuzi.»

«Kuku?»

«Maalimu, we nijibu kwanza.»

Akasema kama ni roho yenye uhai na inateseka, maji ni ya roho, na vumbi linatosha kwa sala. Sikungoja aulize tena. Wiki mbili nzima nimetayamamu kwa vumbi la ua wangu, na nyoka wa mtu asiyekwenda hata kanisani anaogeshwa kwa maji yangu ya udhu. Mungu anayaona haya, na nadhani anacheka.

Lubna ameolewa, amekwenda Dubai. Alinipigia simu mara moja kwa duka la Massoudi, dakika tatu, zote tulikuwa tunaulizana kama tunasikiana. Wateja wamepungua, nani anashona gauni siku hizi? Jioni watu wanawahi kujifungia. Nakula na Mgeni ananitazama. Nimezoea kumsimulia mambo ya siku. Hajibu, lakini ukianza kusema, ananyanyua kichwa. Usinicheke. Mtu akikaa kimya sana, sauti yake mwenyewe inamtisha.

Wewe usiharakishe kurudi, barabara si nzuri. Mgeni yuko salama hapa. Na Spès mbona haandiki hata mstari? Mwambie aniandikie kwa mkono wake.

Waridi


Kambini, Kasulu
30 Novemba 1998

Dada Waridi,

Vichwa vitano, vioo kumi. Hakuna hata kimoja kilichobaki. Alama zako ni ishirini kwa ishirini, na wewe ni fundi kunizidi mimi.

Nimesoma habari ya udhu mara nyingi. Hakuna mtu aliyewahi kunitunzia kitu namna hiyo.

Hapa tuna hema na zamu ya unga. Watu ni wengi kuliko nilivyowahi kuishi nao na bado siku inapita sijasema neno na mtu. Nimepanga vichwa vya ngozi ndani ya daftari, kwa miezi.

Spès kuandika Kiswahili kunampa shida, anasema nikuandikie mimi.

Astère


Kambini, Kasulu
11 Februari 2004

Dada Waridi,

Nina habari. Wameanza kutuandikisha tunaotaka kurudi, malori yataanza baada ya mvua. Nimetia jina langu, niko kwenye orodha ya mwezi wa tano. Binamu yangu Léonce ana chumba Gasenyi, kule pembeni ya mji, kina ua mdogo na bomba. Nitaanza hapo.

Siku hiyo hiyo ya kufika nitapita Buyenzi kumchukua Mgeni. Nilikuomba wiki mbili, umenipa miaka karibu tisa. Sasa upumzike, dada. Utapata nafasi ya kunyoosha miguu chini ya cherehani. Nimeshafikiria sanduku jipya, kubwa, lenye mlango wa pembeni.

Usimpe panya wiki ya mwisho, asije akasafiri ameshiba.

Astère


Buyenzi
3 Machi 2004

Mdogo wangu Astère,

Nakuandikia kwa huzuni. Mgeni amekufa. Safari hii ngozi ilikataa kutoka. Nilijaribu maji, nilijaribu mkono wa taulo, haikusaidia. Amekufa Jumamosi. Nimemzika uani.

Nisamehe. Ulinipa amana na sikuiweza.

Usije kwa haraka kwa ajili yake. Hakuna tena wa kuchukua.

Waridi


Kambini, Kasulu
18 Aprili 2004

Dada Waridi,

Barua yako ilinikuta kwenye foleni ya unga. Niliisoma, nikatoka kwenye foleni, nikaenda kukaa nyuma ya choo cha kambi, mahali pekee pasipo na watu, nikalia. Mtu mzima wa miaka arobaini na tisa, analilia nyoka. Nikawa sinyamazi. Na katikati ya kulia nikajua simlilii nyoka.

Wewe umeniambia wazi: amekufa, nimemzika, nisamehe. Mistari michache. Mimi nimeshindwa kuandika mistari hiyo miaka tisa, na leo umenitia aibu. Basi na mimi nakwambia.

Spès hakufika Kigoma. Tulipokuwa njiani, karibu na Mabanda, tulijificha porini siku nne bila maji safi. Akashikwa na homa na kuhara. Siku ya tano asubuhi alikuwa amekwisha. Nilimzika kwa mikono na sahani ya bati, na watu tuliokuwa nao walikuwa wananivuta tuondoke. Sijui kama leo ningepaona pale mahali.

Barua yako ya kwanza ilisema nisalimie Spès. Ulikuwa mtu wa kwanza kumtaja baada ya yeye kufa. Nikaandika anakusalimu, kalamu ilikwenda yenyewe. Nikawaza, nitakuambia barua ijayo. Ukatuma gauni. Baada ya gauni ningeanzia wapi? Na nikuambie ukweli wote: nilikuwa nimeshaanza kupenda. Kulikuwa na nyumba moja duniani ambako Spès alikuwa hai, anashona upindo wa kiuno, ana uvivu wa kuandika. Sikutaka kuifunga nyumba hiyo. Gauni limo kwenye sanduku langu, halijavaliwa na mtu.

Sasa na Mgeni amekwenda. Nimekwenda ofisini nikafuta jina langu kwenye orodha. Kwetu Kamenge ni majivu, mke wangu yuko porini, kiumbe changu kiko kwenye ua wako. Nije Bujumbura kumwona nani? Nitabaki huku. Usijilaumu kwa nyoka, ulimtunza kuliko ambavyo mtu angetunza mtoto wa jirani.

Hii huenda ni barua yangu ya mwisho. Tulikuwa tunaandikiana kwa ajili yake, na sasa hatuna la kuandikiana.

Ubaki na amani, dada.

Astère


Buyenzi
9 Mei 2004

Astère,

Mgeni hajafa. Nilikudanganya. Soma tena ili uwe na uhakika: nyoka wako hajafa, yuko chini ya meza hapa ninapoandika, amejikunja juu ya kanyagio la cherehani na ameshiba panya.

Nilipoandika ile barua ya Machi alikuwa pale pale. Mkono wangu unaandika nimemzika, na mguu wangu unamgusa. Nilimwonea haya kiumbe kisichojua kusoma.

Sina udhuru, lakini nitakueleza. Uliandika utamchukua siku hiyo hiyo. Nikasoma hayo nikatazama hiki chumba. Nikaiona meza ukishamchukua, chini yake hakuna kitu. Amissi alikwenda, Lubna akaenda, na huyu ndiye aliyebaki ananyanyua kichwa nikisema. Niliogopa kubaki peke yangu, Astère. Ndivyo ilivyo, sina namna nyingine ya kusema. Nikafikiri uongo mdogo, nyoka tu, atahuzunika wiki moja, kisha atakuja kunisalimia mikono mitupu, nami nitamficha Mgeni chumbani kwa Lubna. Unaona akili ya mwanamke mzima? Sikufikiri kwamba hutakuja kabisa.

Kisha barua yako ikafika. Umeujibu uongo wangu kwa kifo cha kweli. Nimekaa siku nne sijashona. Massoudi amekuja kuuliza, «Mama Lubna, nani amekufa?» Nikamwambia, «Mudogo wangu wa kike.» Akasema, «Lini?» Nikamwambia, «Juzi,» maana kwangu ndivyo.

Nimemlilia Spès. Nilimwona mara moja tu lakini miaka tisa namtumia salamu, na mtu unayemtumia salamu miaka tisa ni wako. Sikukasirika kwamba ulinificha. Wewe ukinikasirikia, una haki. Amana niliyoivunja si nyoka, nyoka nimemtunza. Niliivunja pale nilipokufanya ulie nyuma ya choo kwa kitu nilichokitunga.

Sasa nisikilize. Ninyi mkifiwa mna siku ya kuondoa msiba, ile mnayoiita levée: watu wanakaa, wanamsema marehemu, wananywa, na baada ya hapo aliyebaki anaruhusiwa kuendelea kuishi. Najua, maana nimewashonea watu nguo za siku hiyo miaka yote. Spès hakufanyiwa. Umekaa msibani miaka tisa na hakuna aliyekuja kukuinua. Njoo ufanyie hapa kwangu, uani. Bia haitaingia nyumbani kwangu, hilo ulijue mapema, mtakunywa Fanta. Nitapika wali na ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Mimi ni Mwislamu, sijui maneno yenu yanayosemwa siku hiyo, utasema wewe. Mimi nitakaa.

Rudisha jina lako kwenye orodha. Mgeni utamchukua, nitakukabidhi mwenyewe, na mkono wake wa taulo pia. Usipokuja nitaelewa. Lakini sitakuandikia tena kwamba usiharakishe.

Waridi


Kambini, Kasulu
22 Septemba 2004

Dada Waridi,

Nimekaa miezi minne bila kukujibu kwa makusudi. Nilikuwa na hasira. Nilianza barua tatu nikazichana, ya kwanza ilikuwa matusi matupu, nashukuru haikukufikia. Nilijiuliza mtu anawezaje kushona uongo safi namna ile, na tarehe, na Jumamosi, na kaburi. Kisha nikakumbuka kwamba mimi nilimvalisha marehemu gauni nikakwambia kiuno hakibani. Hasira ikakosa pa kukaa.

Na kuna jambo lingine sijui nikushukuru au nikulaumu. Mpaka ile siku ya foleni sikuwa nimemlilia Spès. Nilipomzika hapakuwa na nafasi, na baadaye nikawa naandika anakusalimu. Ni uongo wako ulionitoa machozi. Tangu siku hiyo nalala.

Nimerudisha jina. Safari hii nimepewa lori la tarehe kumi na moja Oktoba, Jumatatu. Nitafikia kwa Léonce Gasenyi. Mgeni simchukui. Ana miaka mingi zaidi kwako kuliko aliyokaa nasi maabara, na isitoshe nikimchukua sijui utatunga nini tena. Nitakuja kumtazama nikiwa na nafasi, na nafasi ninayo nyingi.

Ile siku ya kuondoa msiba nimeikubali. Fanta sawa. Jana nilikaa na karatasi kuandika watakaokuja, ili ujue viti vya kuazima. Mama yake Spès alishafariki. Dada zake sijui waliko, nimewaulizia kambi tatu. Majirani wa Kamenge waliomjua, kila niliyemtaja nimeambiwa hayupo, hayupo, sijui. Musafiri hakuwahi kumbeba kwenye mashua, hakumjua. Léonce alikuwa Kongo tulipooana, hakumwona kamwe. Karatasi ikawa na majina mawili, langu na lako.

Basi azima viti vitatu, dada. Cha tatu ni kwa mtu yeyote atakayepita barabarani akasema alimfahamu. Nitafika kwako Jumatano, kabla ya adhuhuri.

Mdogo wako,
Astère